Kabla Hujamcheka Mkatoliki, Niambie Jumatatu Yako



Wiki hii kuna klipu imezunguka katika vikundi vyetu vya WhatsApp. Mama mzee ameketi nje ya nyumba yake anasali rozari, midomo inaenda polepole, na aliyemrekodi ameweka juu yake mlio wa kaseti iliyokwama. Chini mmejaza vicheko. Wengine mmeandika kwamba hiyo ni dini bila wokovu, wengine kwamba Mungu si kiziwi mpaka aambiwe mara hamsini. Majina nimeyaona. Ni watu wangu, na kati yenu wapo niliowabatiza kwa mikono yangu.

Sasa nataka kuzungumza nanyi, na leo sitapaka asali.

Tumalize kwanza lililo jepesi. Mimi ni Mpentekoste. Naamini mtu anaokolewa kwa neema kwa njia ya imani, Waefeso 2:8. Siombi kupitia Mariamu wala watakatifu, kwa sababu nasoma 1 Timotheo 2:5 kwamba mpatanishi ni mmoja. Mkatoliki atakujibu kwamba anamwomba Mariamu amwombee, kama wewe unavyonipigia simu saa nne usiku nikuombee. Nimelisikia jibu hilo, na bado sikubaliani naye. Toharani siioni katika Maandiko. Haya nimeyafundisha miaka yote na nitaendelea. Kwa hiyo asitokee mtu wa kusema Pasta amerudi Roma. Pasta yuko palepale.

Lakini kuna jambo moja ambalo Mkatoliki aliyeshika imani yake anatushinda, na kila nikiwatazama naona pengo hilo linazidi kupanuka. Yeye ana Jumatatu. Ana Jumanne pia. Imani yake ina mahali pa kukaa katika siku ya kawaida ambayo hakuna kwaya, hakuna kipaza sauti, hakuna mhubiri mgeni. Sisi tuna Jumapili na kesha. Katikati ya hapo wengi wetu ni mayatima wa kiroho wanaosubiri mkutano unaofuata.

Tuanze na hiyo rozari mliyoicheka. Mstari mnaoutumia ni Mathayo 6:7, pale Bwana anapokataza kupayukapayuka kama watu wa mataifa. Sawa. Sasa endelea kusoma, usifunge Biblia. Mstari wa 9 Bwana huyohuyo anawapa wanafunzi sala yenye maneno yaliyopangwa, nasi tunaiita Baba Yetu. Fungua Zaburi 136, ina mistari 26, na kila mmoja unaishia kwa maneno yaleyale kuhusu fadhili za Mungu. Mara 26! Nenda Gethsemane, Mathayo 26:44, Yesu anaomba mara ya tatu kwa maneno yaleyale. Kama kurudia ni udini mfu, basi Bwana wetu alikuwa na shida usiku ule.

Na tena, mpendwa, wewe unayecheka, Ijumaa iliyopita pale kwenye kesha ulisema neno "moto" mara ngapi? Mimi nilikuwa hapo. Kwa dakika ishirini kanisa zima lilikuwa linapiga kelele moto, moto, moto, na hakuna aliyeweka sauti ya kaseti. Bwana alikataza maneno yasiyo na moyo ndani yake. Hilo linaweza kumpata mwenye shanga mkononi, na linaweza kumpata mwenye kipaza sauti.

Sasa hiyo Jumatatu. Kanisa Katoliki lina sala inayoitwa Malaika wa Bwana, inayosaliwa asubuhi, adhuhuri na jioni. Katika mitaa iliyo karibu na parokia mmeisikia kengele yake saa sita mchana. Wapo mama mboga wanaoweka kisu chini kengele hiyo ikilia, wanasali dakika mbili tatu, kisha wanaendelea kukata sukuma wiki. Mapadri na watawa wana Masifu ya asubuhi na ya jioni, zaburi kwa zaburi, mwaka mzima. Masomo ya Misa yamepangwa: ya Jumapili yanazunguka kwa miaka mitatu, ya siku za kawaida kwa miaka miwili. Mkatoliki wa Turkana na Mkatoliki wa Mombasa leo asubuhi wamesomewa Injili ileile. Padri akiamka na hasira juu ya mzee wa kanisa, hawezi kuruka kwenda kwenye mstari wa kumpigia. Somo la siku limeshapangwa. (Wachungaji wenzangu mnaosoma hapa, hilo mnalielewa vizuri kuliko waumini.)

Mtasema hizo ni desturi za wanadamu. Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku, Danieli 6:10, na alikuwa mtumishi wa serikali mwenye kazi nyingi kuliko wewe. Petro na Yohana walikwenda hekaluni saa ya kusali, saa tisa, Matendo 3:1. Pale Yafa, Petro alipanda darini kuomba saa sita mchana, Matendo 10:9, na ni katika saa hiyo ya kawaida, akiwa na njaa, ndipo Mungu alipomwonyesha kwamba Mataifa nao wana mlango. Petro hakuwa kwenye kongamano. Alikuwa kwenye ratiba yake.

Wewe ratiba yako ni ipi? Nauliza kwa upendo. Januari unafunga siku 21 kwa kishindo, Februari huombi hata kabla ya chai. Unakuja ibada ya ukombozi, unaombewa hasira. Baada ya miezi miwili nabii anapita mjini, unaombewa hasira ileile. Mwaka unaisha umepakwa mafuta mara sita na nyumbani mkeo bado anajikunja akisikia lango likifunguka. Waebrania 5:12 inawazungumzia watu waliopaswa kuwa walimu kwa muda waliokaa, lakini bado wanahitaji maziwa. Tumejenga kanisa la maziwa kisha tunashangaa watoto hawakui. Hasira haitolewi kwa mafuta peke yake. Inatolewa Jumanne jioni, mtoto amemwaga uji, na wewe umejifunza kunyamaza.

Hapo kuna jambo nalipenda kwa Ignatius wa Loyola. Alikuwa mwanajeshi Mhispania, akajeruhiwa mguu vitani Pamplona mwaka 1521, na katika kuuguza mguu huo ndipo alipoanza kumfuata Kristo. Alichowaachia wafuasi wake, Wajesuiti, ni zoezi la kuipitia siku yako mbele za Mungu, adhuhuri na jioni: asante kwa lipi, nimeanguka wapi, kesho nitarekebisha nini. Dakika kumi au kumi na tano. Halihitaji mchungaji wala sadaka ya mbegu. Ni Zaburi 139:23 ikifanyiwa kazi kila siku. Niambie ni wangapi kati yetu tunaipitia siku yetu namna hiyo. Tunapitia salio la M-Pesa kwa makini zaidi.

Na kuungama kwa padri? Siamini kwamba ni lazima niende kwa padri ili nisamehewe. Lakini Yakobo 5:16 inatuambia tuungamiane dhambi zetu, na haikutoa ruhusa kwa waliookoka kuuruka mstari huo. Wewe unamwambia nani? Mkatoliki anayeshika imani yake angalau kuna siku anapiga magoti na kutaja dhambi yake kwa jina, mtu mwingine akisikia. Sisi tumeweka ushuhuda mahali pa ungamo. Ushuhuda ni mzuri, lakini husema ya miaka kumi iliyopita, nilikuwa mlevi, nilikuwa mzinzi. Ya wiki iliyopita hayasemwi. Ndiyo maana dhambi ya kiongozi wetu tunaisikia kwanza kwenye redio.

Nije kwa jumuiya, na hapa nitakaa kidogo. Maaskofu Wakatoliki wa ukanda huu, kupitia umoja wao wa AMECEA, walikutana Nairobi mwaka 1973 na tena 1976, na wakaamua kwamba maisha ya kanisa yatajengwa juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Karibu miaka hamsini sasa. Majirani wanakutana katika nyumba ya mmoja wao, leo kwako, wiki ijayo kwa mwingine. Wanasoma Injili ya Jumapili inayokuja, kila mmoja anasema neno lililomgusa, wanaombeana. Kisha wanaulizana: nani mgonjwa? Nani amekosa karo? Nani hajaonekana? Ukihamia mtaa mpya wewe Mkatoliki, jumuiya inakufuata. Ukitaka kubatiza mtoto au kufunga ndoa, utaulizwa jumuiya yako ni ipi. Na mtu akifa, wao ndio wa kwanza kufika matangani, kabla hata wajomba hawajateremka kwenye matatu.

Linganisha na sisi. Mtu anaweza kukaa kanisani kwetu miaka mitatu, kiti cha tano kutoka nyuma, anaimba, anatoa fungu la kumi, na akipoteza kazi hakuna anayejua. Akiacha kuja, tunagundua baada ya miezi. Nimekwenda mazishi ya mshirika wa Kipentekoste, si wa kanisa letu, ambapo majirani wa jumuiya ya Wakatoliki ndio waliopika, waliochota maji, waliokusanya pesa za bili ya hospitali. Kanisa lake lilileta maturubai na msemaji. Msemaji alihubiri saa nzima kwamba dini haiokoi. Wale akina mama walikuwa wanaosha sufuria nyuma ya nyumba.

Matendo 2:46 inasema walikuwa wakikutana kila siku na kumega mkate nyumba kwa nyumba. Waebrania 3:13 inatuamuru tuonyane kila siku. Tunajigamba kwamba sisi ndio kanisa la Matendo ya Mitume. Sura ya 2 tumeisoma mpaka mstari wa 4, tukapata ndimi, tukafunga kitabu.

Na kazi za mikono je? Siku hizi kijana akiokoka anauliza huduma yake ni ipi, na maana yake ni kipaza sauti. Kuna ndugu mmoja mtawa, Lawrence, aliyeishi Paris katika karne ya 17. Hakuwa padri. Alikuwa mpishi wa nyumba ya watawa, baadaye akashona viatu vyao, na akajulikana kwa sababu alijifunza kuwa na Mungu katikati ya sufuria kama wengine wanavyokuwa naye kanisani. Wahubiri wengi wa Kiprotestanti wamemsoma na kumsifia, ila hawawaambii alikuwa wa wapi.

Wa karibu zaidi ni Irene Stefani, mtawa wa Consolata ambaye Wakikuyu walimwita Nyaatha. Aliingia Kenya 1915. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliuguza wapagazi wetu, wale Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi wakafa kwa maelfu. Baadaye alikaa Gikondi, Nyeri, akifundisha, akitembea kilima hadi kilima kuwaona wagonjwa, akiwaandikia barua wazazi ambao watoto wao walikuwa wamekwenda kutafuta kazi mbali. Alifariki 1930 akiwa na miaka 39, kwa tauni aliyoipata akimuuguza mgonjwa. Mwaka 2015 Kanisa lake lilimtangaza mwenye heri pale Nyeri. Mimi sitamwomba aniombee. Lakini Waebrania 13:7 inaniambia nitazame mwisho wa mwenendo wa watu wa namna hiyo na kuiga imani yao, na katika maisha ya mama huyu siioni siku hata moja ya jukwaa. Naona barua, viatu vilivyochakaa na vidonda vya watu.

Sasa niseme lile linaloniuma kuliko yote. Mfungo.

Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, serikali ilifukua miili zaidi ya 400. Watoto walikuwamo. Kesi ziko mahakamani, sitazihukumu hapa. Lakini tunachojua sote ni kwamba watu waliobeba Biblia kama zetu, waliosema "Bwana asifiwe" kama tunavyosema, walikwenda porini wakafa kwa njaa kwa jina la mfungo. Tulipiga kelele wiki mbili, tukasema ile ni ibada ya kishetani, haituhusu. Inatuhusu sana. Wale hawakutoka mbinguni wakaangukia msituni. Walitoka katika makanisa, na wengi walitoka katika makanisa yanayofanana na yetu. Walikuwa wamezoeshwa kitu kimoja: mtumishi akisema Mungu ameniambia, mjadala umekwisha.

Mwangalie Mkatoliki na mfungo wake. Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, mtu wa miaka 18 hadi 59 anakula mlo mmoja kamili, na vyakula vidogo viwili ambavyo kwa pamoja havizidi mlo. Mgonjwa amesamehewa. Watoto hawamo. Imeandikwa, inajulikana, na padri wa kijijini hawezi kuamka asubuhi na kuongeza siku arobaini bila maji kwa sababu ameota. Tuliwacheka kwa hilo pia, eti mfungo wa kula. Kwaresima yao ya siku arobaini ina sala, ina kujinyima na ina kutoa kwa maskini, na hapa Kenya maaskofu wao hutoa kijitabu cha kampeni ya Kwaresima ambacho jumuiya hukaa nacho wiki kwa wiki wakijadili haki, rushwa, familia. Isaya 58 kabisa! Mfungo unaoishia kwenye sahani ya jirani mwenye njaa.

Mfungo wetu unaishia wapi? Mara nyingi kwenye ombi la gari. Na kipimo chake ni kinywa cha mchungaji. Mimi ni mchungaji, na nawaambia kinywa cha mchungaji hakitoshi kuwa kipimo. Mtu aliyezoea kulisoma Neno mwenyewe kila siku, anayekaa na majirani kumi wanaomjua na wanaoweza kumwuliza "una nini wewe?", mtu huyo ni vigumu kumtoa nyumbani na kumpeleka msituni. Mnisamehe kwa kuirudia, lakini hapa tunazungumza juu ya uhai wa watoto.

Najua jibu lenu. Pasta, Wakatoliki wengi wanafanya tu kwa mazoea, Jumapili Misa, Jumamosi pombe. Ni kweli, wapo. Isaya 29:13 iliwahusu watu wa namna hiyo kabla Roma haijawa na kanisa. Mapadri wenyewe wanalia juu yao. Lakini wetu wa kunena kwa lugha Ijumaa na kughushi risiti Jumatatu nao wapo, na hao ninao kwenye orodha yangu. Mazoea mabaya hayafukuzwi kwa kukosa mazoea. Na msiniambie Roho Mtakatifu hawezi kukaa na utaratibu. Uamsho wa Karismatiki umekuwa ndani ya Kanisa Katoliki tangu 1967. Nendeni parokia yoyote mjini muwasikie wakiomba, kisha waangalieni kesho yake wakirudi kwenye jumuiya.

Tena huu utaratibu ni urithi wetu sisi wenyewe. John Wesley na wenzake pale Oxford waliitwa Wamethodisti kwa dhihaka, kwa sababu ya kushika ratiba ya sala, Neno na kufunga Jumatano na Ijumaa. Mwaka 1735 alichapisha kwa Kiingereza kitabu cha Thomas à Kempis, mtawa Mkatoliki, juu ya kumfuata Kristo. Kutoka kwa Wesley ulitoka mwamko wa utakatifu, na kutoka katika mwamko huo alitoka William Seymour wa Azusa Street, 1906. Wapentekoste ni wajukuu wa mtu wa ratiba. Ratiba tulizitupa njiani, tukabaki na kelele.

Basi, kuanzia Jumatatu tutafanya hivi. Wote tunasoma Marko, sehemu fupi kila siku, ileile kwa kila mtu, na mimi nikiwamo. Saa sita mchana kila mmoja asimame pale alipo, dukani, stejini, ofisini, shambani, aseme Baba Yetu na ombi moja, basi, arudi kazini. Usiku kabla ya kulala, dakika kumi za kuipitia siku. Vikundi vya nyumbani vinapangwa upya kwa mtaa, si kwa urafiki, watu wasiozidi kumi na wawili, na katika vikundi hivyo hakuna sadaka ya kanisa wala mhubiri. Kitakachokusanywa ni cha mgonjwa au cha karo ya mtoto wa kikundi. Wazee wa mitaa, nataka majina ya wenyeji kufikia Jumamosi. Tunafunga Jumatano hadi saa kumi jioni, maji yananywewa, na pesa ya chakula cha mchana inakwenda kwa familia ambayo kikundi kimeichagua. Mwenye kisukari, mwenye mimba, anayenyonyesha, aliye kwenye dawa na mtoto yeyote hafungi, na asiombwe radhi wala maelezo.

Jumatatu ni Marko 1:1-13.